Je, Wajua? Utosi Unaweza Kutoboa Siri ya Homoni

Nywele zikipungua, wa kwanza kulaumiwa ni msusi. Ila tazama zinapopungulia. Rasta za kubana hula kingo, juu ya paji na kando ya masikio. Homoni za kiume zikizidi, kama ilivyo kwa wanawake wengi wenye PCOS (tatizo la homoni linalohusu ovari), nywele za mbele hubaki, lakini njia ya kitana hupanuka na ngozi ya utosi huanza kuonekana. Ongeza hedhi inayoruka miezi na ndevu kidevuni: hapo saluni haina kosa.

PCOS humpata takribani mwanamke mmoja kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa, na wengi hawajui.

Dawa ya kupaka iitwayo minoksidili husaidia, ingawa wiki za mwanzo nywele huweza kudondoka zaidi. Mabadiliko huchukua miezi 4 hadi 6, na inasikitisha kuona dawa ikiachwa mapema. Mjamzito asiitumie. Kwa mwenye uzito uliozidi, kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito huo hushusha insulini, na homoni za kiume hupungua nayo.

Dada wa Madaba, anzia kituo cha afya kilicho karibu, eleza na hedhi yako pia, na ukipewa rufaa ya Songea, nenda.