Sura ya Sita: Ninja Wawili, Kioo Kimoja

Ninja wa hadithi ni mtu wa peke yake. Huingia usiku, hufanya alichotumwa, hutoka kabla jogoo hajawika, na hakuna aliyemwona. Ninja wa gemu za mashine za sarafu ni kiumbe mwingine kabisa. Anakuja na mwenzake, mmoja kavaa bluu na mwingine nyekundu, mchana kweupe, katikati ya barabara, na maadui wote wanawaona. Sura hii inaeleza mabadiliko hayo yalivyotokea. Hoja yangu ni hii: sehemu kubwa ya kanuni za gemu hizi haikutokana na ninja, ilitokana na watu wawili waliosimama mbele ya kioo kimoja.

Kutoka Iga hadi banda la video

Ninja wa kweli, yaani wapelelezi wa Iga na Koga waliotumiwa katika vita vya mabwana wa Japani kwenye karne ya 15 na ya 16, hawakuwa na sare. Mpelelezi mwenye sare hafiki mbali. Walijigeuza wakulima, watawa au wachuuzi. Vazi jeusi la kufunika uso inaaminika lilitoka jukwaani. Katika maigizo ya kabuki wahudumu wa jukwaa huvaa nyeusi, na watazamaji wamezoea kuwahesabu kama hawapo. Mmoja wa wahudumu hao akigeuka ghafla na kuchomoa upanga, ukumbi mzima unashtuka. Mtu asiyehesabiwa ndiye aliyeua.

Sinema ikaichukua picha hiyo na kuitembeza dunia nzima: Enter the Ninja mwaka 1981, Revenge of the Ninja ya Sho Kosugi mwaka 1983, American Ninja mwaka 1985. Kwetu, filamu za mapigano zilipata wapenzi wake kwenye mabanda ya video, na wasimuliaji kama Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, walijenga majina yao kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Aliyekulia kwenye mabanda hayo alizijua kanuni kabla hajashika jostiki: maadui huja kwa makundi, kila kundi lina mkubwa wao, mkubwa hupiganwa mwisho, na stelingi hafi.

Watengeneza gemu walizichukua zote isipokuwa hiyo ya mwisho. Kwenye mashine ya sarafu stelingi lazima afe, tena mapema, maana mwenye mashine anaishi kwa sarafu inayofuata. Sehemu kubwa ya ugumu wa gemu za zamani ina chanzo hicho cha kibiashara.

Mwaka 1987

Mwaka 1987 ndio wa kuukumbuka. Sega walitoa Shinobi, gemu ya ninja aitwaye Joe Musashi anayekwenda kuokoa watoto waliotekwa. Humo mna mambo yaliyokuja kuwa desturi. Kitufe kimoja cha kushambulia hufanya kazi mbili: adui akiwa mbali unarusha nyota ya chuma, akiwa karibu mkono wenyewe unabadilisha na kumpiga. Uchawi wa kininja upo, lakini umepimwa. Unautumia mara moja tu katika hatua, kwa hiyo kila mchezaji anajiuliza autumie sasa au amwekee bosi. Ila Shinobi ilichezwa kwa zamu. Mmoja akifa, mwingine anaingia. Ninja alikuwa bado peke yake.

Mwaka huohuo kampuni ya Technos ilitoa Double Dragon, kazi ya Yoshihisa Kishimoto, ambamo ndugu wawili, Billy na Jimmy, wanapita mitaani pamoja wakipigana na genge. Si gemu ya ninja, lakini ndiyo iliyowazoesha wachezaji kwamba raha ya kupigana huzidi ukiwa na mwenzako. Tena ilikuwa na mwisho mkali: wote wawili wakifika hai, lazima wapigane wao kwa wao kumgombea Marian. Ushirika ule ulikuwa na mpaka, na mpaka wenyewe ulikuwa tuzo isiyogawanyika.

Kisha Taito wakaleta The Ninja Warriors, na hapa inafaa tukae kidogo. Mashine yake ilikuwa na vioo vitatu vilivyounganishwa vikawa kimoja kirefu, ili ninja wawili wapate nafasi ya kutosha. Wa kwanza alikuwa mwanamke mwenye mavazi mekundu, wa pili mwanamume mwenye bluu, na wote wawili ni roboti waliotumwa na waasi kumwondoa mtawala dhalimu. Chini yake unapigwa muziki wa Hisayoshi Ogura, ambamo shamiseni, ala ya nyuzi ya Kijapani, inakwenda kasi pamoja na vyombo vya umeme. Mtazame ninja anapopigwa. Kwanza nguo inachanika. Akipigwa tena ngozi inabanduka na chuma kinaonekana, mwisho anatembea mifupa mitupu ya mashine. Huna haja ya kutafuta hali ya mwenzako kwenye pembe ya kioo. Unaisoma mwilini mwake, huku macho yako yakiwa kwa adui. Hiyo ni akili ya mtengenezaji aliyeelewa kwamba mchezaji wa kushirikiana ana kazi mbili, kujilinda na kumwangalia mwenzake.

Hapo ndipo rangi zinapoeleweka. Nyeusi ni rangi ya kujificha, lakini ninja wawili weusi kwenye kioo kimoja wangewachanganya wachezaji, kila mmoja akiuliza, "Mimi ni yupi?" Bluu na nyekundu zilishinda kwa sababu hiyo. Tecmo walifanya vivyo hivyo mwaka 1988 katika Shadow Warriors, ijulikanayo pia kama Ninja Gaiden ya mashine za sarafu, na mwaka 1989 Konami wakaikamilisha kanuni hiyo katika Teenage Mutant Ninja Turtles. Mashujaa wake, kasa wanne, wana miili inayofanana, kwa hiyo kitambaa cha macho ndicho kitambulisho: bluu kwa Leonardo, nyekundu kwa Raphael, zambarau kwa Donatello, machungwa kwa Michelangelo. Kila mmoja ana silaha yake, na kila silaha ina urefu wake. Fimbo ya Donatello inafika mbali. Sai za Raphael, silaha fupi za mkononi, zinataka umsogelee adui. Silaha zikigawiwa hivyo, kazi nazo zinajigawa: wa fimbo anazuia umati, wa sai anamaliza aliye karibu.

Ukingo wa kioo

Tuchukue mfano wa ndugu wawili wa Busale, wilayani Kyela, kaka na mdogo wake, wamemaliza kazi za kutwa, wamekaa mbele ya televisheni kila mmoja na kifaa chake cha kuchezea. Kaka ana haraka, anakimbilia kulia. Ghafla ninja wake anagota kwenye ukingo kana kwamba kuna ukuta. Mdogo, aliyebanwa na maadui watatu upande wa kushoto, anapiga kelele, "Kaka, nisubiri!" Kaka anajibu, "Sikuachi, kioo hakiendi bila wewe."

Jibu hilo ni maelezo kamili ya kanuni kuu ya gemu hizi. Picha ni moja, haiwezi kukatika ikafuata watu wawili. Kwa hiyo mwenye kasi anafungwa na mwendo wa mwenye kuchelewa, na njia pekee ya kwenda mbele ni kurudi nyuma kumsaidia.

Gemu nyingine zilichagua ukatili. Waliocheza Contra kwenye mashine za kaseti zilizotengenezwa kwa kuiga Famicom ya Nintendo wanaikumbuka hatua ya maporomoko ya maji. Unapanda juu, picha inapanda na wewe, na mwenzako aliyebaki chini anatoka nje ya kioo na kufa. Wangapi waligombana kwa ajili ya maporomoko yale! Lakini Contra hiyohiyo iliruhusu aliyeishiwa roho achukue moja ya mwenzake. Ukingo wa kioo ulikuua kwa kosa la mwenzako, kisha akiba yake ikakufufua.

Sarafu na chakula

Kwa nini kampuni zilipenda wachezaji wengi kwa pamoja? Hesabu ni rahisi. Mwaka 1985 Atari Games walitoa Gauntlet, iliyochezwa na watu 4 kwa wakati mmoja, kila mmoja akiingiza sarafu zake, na uhai ukipungua hata usipopigwa. Mashine moja ikawa na milango minne ya fedha. Kasa wanne wa Konami waliingia kupitia mlango huohuo.

Anayekufa anapewa muda mfupi wa kuamua kama ataendelea. Katika Shadow Warriors hilo lilitiwa hofu ya kweli: ninja wako amefungwa chini, msumeno wa mviringo unamshukia taratibu, na namba zinahesabu kurudi nyuma. Mwenzako yuko pembeni yako akiona unavyopekua mifuko.

Chakula nacho ni kanuni. Unavunja pipa au unafika mahali, unakuta piza au nyama, ukiila uhai unarudi. Kwa mchezaji mmoja hilo ni jambo dogo. Kwa wawili ni mtihani: kuna sahani moja, mmoja ana njaa kidogo na mwenzake yuko mahututi, na mwenye njaa kidogo ndiye aliye karibu. Mashine haisemi nani ale. Katika Shredder's Revenge, gemu nyingine ya kasa hao ya mwaka 2022, inayochezwa na hadi watu 6, mtihani huo uligeuzwa kuwa kitendo: mwenzako akianguka unamfuata na piza umwinue kabla muda haujaisha, na mkigonganisha viganja unaweza kumgawia uhai wako. Kilichokuwa busara ya wachezaji kikawa kitufe.

Somo kwa Kyela

Wanaosoma kitabu hiki kando ya Ziwa Nyasa wana historia inayowasaidia kuielewa sura hii kuliko wasomaji wengi. Monica Wilson, aliyefanya utafiti na mumewe Godfrey miongoni mwa Wanyakyusa, wenyeji wa Kyela, katika miaka ya 1930, alichapisha mwaka 1951 kitabu cha Good Company kuhusu vijiji vya rika. Wavulana wa umri wa miaka 10 au 11 walitoka kwa wazazi wakajenga vibanda vyao pamoja. Walichunga pamoja, na wakati wa kula walikwenda kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Kijana hakufundishwa ushirika kwa hotuba. Aliwekwa mahali ambapo kula peke yake hakuwezekani.

Kioo cha gemu ya kushirikiana kinafanya kazi kwa kanuni ileile, na hapo ndipo kinapotofautiana na kile tulichokizoea kwenye vibanda vya gemu, ambako mpira na mapigano ya mmoja kwa mmoja vina sheria ya "anayefungwa anapisha". Sheria hiyo ina utamu wake, lakini kila mchezo humwondoa mtu kitini. Gemu ya kushirikiana inamtaka abaki, kwa kuwa asipokuwepo, anayejua naye hafiki mbali.

Kwa hiyo kijana wa Busale anayetaka kutengeneza gemu yake, yenye Milima ya Livingstone nyuma na mashamba ya kakao mbele, asianze na mavazi ya shujaa. Aanze na maswali manne. Wachezaji watatambuanaje katikati ya vurugu? Mmoja akibaki nyuma, kioo kitafanya nini? Chakula kimoja kikitokea, nani atakila? Na mwenzako akianguka, una uwezo gani wa kumwinua? Akishayajibu manne hayo, shujaa anaweza kuwa ninja, mvuvi wa Matema au dereva wa bodaboda, na gemu itasimama. Asipoyajibu, hata upanga mzuri kuliko wote hautawafanya watu wawili wawe kitu kimoja.