Sura ya Nne: Anzia Kwenye Prizi

Kadutu, kwenye kilima cha Bukavu, spika huitwa bafle, na husafiri kwa mabega ya watu. Asubuhi iko kanisani, mchana imepandishwa kwenye kilio huko juu, jioni inateremshwa arusini karibu na soko. Njia nyingi za kilima hiki ni ngazi za udongo ambazo gari halizijui. Anayetaka kuunda bafle yake mwenyewe basi ana mabwana wawili wa kuwaridhisha: shingo ya mbebaji na umeme wa mwenye nyumba. Wengi huanza kwa kutafuta koni kubwa. Mimi nasema anzia ukutani.

Azima mita, upime prizi mara mbili: saa sita mchana, kisha saa moja jioni, resho, yaani majiko ya umeme, za mtaa mzima zikiwa zimewaka. Panatakiwa volti 220. Tuseme jioni mita inasoma 150. Mto Ruzizi unatoka ziwani hapa hapa Bukavu, na mitambo yake ya kwanza inazalisha umeme tangu 1959, ya pili tangu 1989. Lakini ujirani huo haukuokoi. Volti hupotelea kwenye waya. Kadiri watu wanavyovuta umeme mwingi kupitia waya mwembamba, ndivyo volti nyingi zaidi zinavyobaki njiani, na nyumba ya mwisho kwenye laini hupata makombo.

Amplifaya ya zamani, yenye transfoma nzito ya chuma, haina la kufanya. Transfoma hugawa tu kile inachopewa: ikipata asilimia 68 ya volti, hutoa asilimia 68. Na nguvu ya sauti hufuata mraba wa volti, kwa hiyo wati 50 za mchana zinakuwa kama 23 usiku. Mafundi hutibu hali hiyo kwa kuongeza stabilizateri, yaani chuma kingine cha kubeba mlimani.

Dawa nyepesi inauzwa kwa mitumba: chaja ya kompyuta ya mkononi. Ndani yake umeme hukatwa vipande maelfu mengi kwa sekunde, na kadiri mapigo yanavyokuwa ya haraka ndivyo transfoma inavyohitaji kiini kidogo. Soma kibandiko. Kikisema 100–240 V, basi 150 za jioni hazitaisumbua. Itaendelea kutoa volti 19 zile zile. Chaja ya wati 65 inatosha kulisha bodi ndogo ya amplifaya yenye chipu ya TPA3116, inayokubali volti 4.5 hadi 26. Kwa koni ya omu 4 utapata takriban wati 40. Delestaji, yaani mgawo wa umeme, ikianza, betri ya volti 12 inachomekwa mahali pa chaja na muziki unaendelea, ingawa kwa wati kama 15.

Faida ninayoithamini kuliko zote ni kwamba volti 220 haziingii kabisa ndani ya sanduku. Mvua ya Bukavu inajulikana, na mtoto wa mbebaji ana vidole vyembamba.

Wati 40 zinakutia shaka? Tazama namba nyingine kwenye karatasi ya maelezo ya koni: desibeli inazotoa kwa wati moja, umbali wa mita moja. Koni ya 95 ikipewa wati 20 inasikika sawa na koni ya 86 iliyopewa wati 160. Tofauti ya desibeli 9 ni nguvu mara nane! Koni ya karatasi nyepesi, ya inchi 10, iliyoundwa kwa ajili ya kumbi, ndiyo rafiki wa mwenye umeme haba. Bei yake ni besi: sanduku dogo, sauti kubwa na besi ya kina havikai pamoja, chagua viwili. Kwa kwaya na hotuba za msibani, mimi naacha besi ya kina iende.

Sanduku la lita 30 lenye bomba la upana wa ndani wa sentimita 7.5 na urefu wa 10 litavuma karibu na hezi 53. Hewa iliyo ndani ya bomba hucheza kama uzito, na ile ya sandukuni kama springi. Ukirefusha bomba, mvumo unashuka. Tumia tripleksi ya milimita 12 yenye mhimili ndani, usitumie mbao za unga, kwani hunyonya maji na kuvimba. Mpini uuweke juu ya sumaku ya koni, si katikati ya sanduku, ili lisiinamie mbele na kumgonga mbebaji magotini kwenye ngazi.

Gundi ikikauka, ziba bomba kwa kiganja na usukume koni ndani taratibu kwa vidole vilivyotandazwa, kisha uachie. Ikirudi polepole, sanduku limeziba vizuri. Ikiruka mara moja, kuna ufa: pitisha shavu lenye maji kwenye kila kona huku mwenzako akisukuma, utausikia upepo.