Kilometa 4.000 mu bisi moja: filme ya Spike Lee juu ya wanaume wenye walienda kuandamana

Tarehe 16 mwezi wa kumi 1995, wanaume Weusi wa Marekani walijaza uwanja mukubwa wa katikati ya Washington, muji mukuu wa inchi yao. Walitoka pande zote, wengine kwa ndege, wengine kwa treni, na wengi kwa bisi. Mukutano ule uliitwa Million Man March, ni kusema maandamano ya wanaume milioni moja. Walinzi wa mabustani ya serikali walihesabu watu 400.000. Watafiti wa chuo kikuu cha Boston wakaangalia picha zenye zilipigwa toka juu, wakapata karibu 837.000, na wakasema hesabu yao inaweza kuzidi ama kupungua kwa sehemu 20 kwa 100. Hesabu ile ilileta ugomvi mukali.

Mwaka mumoja kamili kisha, tarehe 16 mwezi wa kumi 1996, filme ikatoka juu ya siku ile. Jina lake ni «Get on the Bus», maana yake: panda mu bisi. Mwenye aliiongoza ni Spike Lee, yeye mwenye alikuwa ametoa «Malcolm X» mu 1992. Mwandishi wa mazungumuzo ni Reggie Rock Bythewood. Mutu anaweza kufikiri kama filme hii itamuonyesha hotuba na umati wa watu. Hapana. Karibu saa zote mbili tuko mu bisi, pamoja na wanaume wapatao ishirini wenye hawakuchaguana, toka Los Angeles mpaka Washington. Ni njia ya zaidi ya kilometa 4.000, na njo mu njia ile mambo yote yanafanyika.

Nani yuko mu bisi

Mukubwa wa safari ni George (Charles S. Dutton), mutu wa sauti nzito mwenye anajua kutuliza fujo. Mu viti kuko Gary, polisi mwenye mama yake ni mweupe na baba yake, polisi pia, aliuawa na Weusi wenzake. Kuko Jamal, kijana mwenye alikuwa mu makundi ya bunduki ya Los Angeles, sasa ameingia Islamu. Kuko Flip, muchezaji wa sinema mwenye mudomo wake haupumziki. Kuko Xavier, mwanafunzi mwenye kamera, anauliza kila mumoja: wewe unaenda kufanya nini kule?

Kuko pia Kyle na Randall, wanaume wawili wenye walikuwa wapenzi na wanataka kuachana. Kyle alikuwa askari mu vita ya Ghuba. Askari wenzake walimupiga risasi kwa kusudi, ju yeye ni Mweusi na ju anapenda wanaume. Flip anawatukana siku nzima. Mwisho Kyle anasimama, wanapigana, na Flip mwenye kusema mingi njo mwenye anaanguka.

Wale wenye wanagusa moyo zaidi ni baba na mutoto: Evan na kijana wake. Mutoto aliiba, tribinali ikaamua afungwe munyororo pamoja na baba yake kwa saa 72. Basi wanapanda bisi wakiwa wamefungwa, mukono kwa mukono. Kama mumoja anataka kwenda choo, lazima mwengine afwate. Abiria wengine wanashangaa na kukasirika: Weusi wa Marekani, wenye babu zao walifungwa minyororo, wanaenda kuandamana na mutoto mu munyororo? Kijana naye ana hasira yake. Baba huyu hakuwa naye wakati alikuwa mudogo. Sasa anataka kumufundisha adabu kwa chuma. Evan hana jibu nzuri. Anabaki kukaa pale, mukono wake umefungwa kwa ule wa mutoto, na polepole wanaanza kuzungumuza.

Muzee mwenye kazi yake iliisha

Muzee wa bisi anaitwa Jeremiah. Alitumika kwa kampuni miaka mingi, kisha kampuni ikapunguza watu, naye akatoka. Akashika chupa. Muke na watoto wakaenda. Familia nyingi zenye zinasoma ukurasa huu hazina haja ya mutu kuzieleza namna baba anabadilika wakati badge yake inakatazwa ku mulango. Anaamuka saa ile ile ya asubui, lakini hana pa kwenda.

Jeremiah alipona na kileo, na maandamano haya yamemupa sababu ya kuamuka tena. Amebeba ngoma yake, anaomba kwa sauti mbele ya safari, anawasimulia vijana historia ya mababu. Mwenye anacheza nafasi hii ni Ossie Davis. Tarehe 28 mwezi wa nane 1963, wakati Martin Luther King alitoa hotuba yake kubwa ku Washington, Ossie Davis pamoja na muke wake Ruby Dee walikuwa kati ya wenye kuongoza programu ya siku ile. Mu 1965 njo yeye alisema maneno ya kumuaga Malcolm X ku maziko. Kwa hiyo wakati muzee huyu anafungua kinywa mu bisi, wachezaji vijana wanasikiliza mutu mwenye alikuwa pale kweli.

Filme haifichi matatizo

Mwenye aliita maandamano ya 1995 ni Louis Farrakhan, mukubwa wa Nation of Islam, mutu mwenye maneno yake juu ya Wayahudi yalileta uchungu mwingi. Spike Lee hakukimbia jambo hili. Bisi ya kwanza inaharibika njiani, wanaletewa ingine, na shofere wake, Rick, ni Muyahudi. Rick anafika mahali anasema hawezi kuendelea kupeleka watu kwa mwito wa mutu yule. George anabishana naye, lakini hamulazimishe. Anashika usukani mwenyewe. Filme haituambie nani alishinda mabishano. Inatuonyesha wanaume wawili wenye kila mumoja ana kidonda chake.

Kuko pia mufanya biashara, Wendell, mwenye anapanda njiani. Yeye anauzisha magari ya bei kubwa, na kwake maandamano ni soko. Anawaita Weusi wenzake wavivu, na matusi juu. Abiria wanamubeba na kumutupa inje. Watu wanacheka pale. Lakini ukifikiri vizuri: Flip alitukana wenzake zaidi ya mara moja, na hakuna mwenye alimutupa inje.

Ku Tennessee polisi wanasimamisha bisi, wanapandisha imbwa kutafuta madawa ya kulevya. Hawapate kitu. Hakuna anayepigwa, hakuna damu. Ni ukimya tu. Gary anaonyesha kitambulisho chake cha polisi, na hata hivyo anaangaliwa kama wale wengine. Njo pale anajua yuko upande gani wa bisi.

Lakini udugu ule una mwisho wake pia. Jamal anamuambia Gary kama mu siku za makundi aliua watu. Gary anamujibu kama wakirudia Los Angeles, atamushika. Jamal alibadilika kweli, na wafu ni wafu kweli. Filme inaacha mambo haya mawili yasimame moja pembeni ya ingine.

Na wamama? Waliombwa siku ile wabaki nyumbani, na filme inaacha wanawake waulize kwa sauti kwa nini. Ku Washington wenyewe, Rosa Parks na Maya Angelou walipanda jukwaani na kusema.

Neno letu mu mambo yao

Maandishi ya kueleza shabaha ya maandamano yaliandikwa na Maulana Karenga. Ni yeye mwenye alianzisha sikukuu ya Kwanzaa mu 1966, ku Los Angeles, muji ule ule wenye bisi ya filme inatokea. Kanuni saba za Kwanzaa ziko na majina ya Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Ujima ni kutumika pamoja na kubeba pamoja matatizo ya mwenzako. Ni karibu na salongo, lakini bila amri ya mukubwa.

Hata filme yenyewe ilitengenezwa kwa namna ile. Wanaume Weusi 15, pamoja na Spike Lee, Danny Glover, Will Smith, Wesley Snipes na avoka Johnnie Cochran, walichanga franga zao kama watu wa likelemba. Dola milioni 2,4, na siku 18 za kupiga picha. Kwa sinema ya Marekani hiyo ni franga kidogo sana.

Siku yenyewe

Wakifika Washington, Jeremiah anaanguka. Moyo. Wanamukimbiza lopitali, na hapa njo mutihani wa safari nzima. Wametembea kilometa 4.000 kwa siku moja tu, na ile siku imefika. Baadhi yao wanabaki ku lopitali, pembeni ya muzee mwenye wamejua siku chache tu. Kati yao kuko Evan na kijana wake, na Gary na Jamal, polisi na mutu mwenye atashikwa. Maandamano yanapita bila wao. Muzee anakufa.

Usiku wanaenda ku sanamu ya Lincoln. Mu vitu vya Jeremiah wamepata sala yenye aliandika kwa siku ile, na George anaisoma. Munyororo wa Evan na mutoto wake unabaki pale chini.

Maandamano yaliitwa kwa toba na kwa kubeba madaraka: wanaume warudie kuwa wababa, wandugu, majirani. Wenye walikuwa uwanjani walisikia maneno hayo. Wenye walibaki ku lopitali waliyafanya, bila mutu wa kuwapigia makofi.

Filme ina matusi na vita ya ngumi, kwa hiyo si ya watoto wadogo. Lakini baba mwenye ana kijana wa miaka kumi na sita, mwenye hawasikilizani tena, aikae naye mbele. Wakifika ku ile sehemu ya munyororo, asimame kwanza, amuulize kijana anafikiri nini. Na asikilize jibu.