Kolwezi: mistari ya jiografia inayopita juu ya nyumba zetu

Shuleni, mtoto wa darasa la saba anafundishwa kwamba dunia imezungushiwa mistari ya latitudo na longitudo. Anaikariri kwa ajili ya mtihani, kisha anaisahau. Lakini katika mji wa Kolwezi, mistari hiyo haibaki kwenye daftari. Ndiyo inayotumika kugawa ardhi ya migodi, na wakati mwingine inapita juu ya avenyu ambako mtoto huyo analala.

Wakati wazazi wengi wanaona jiografia kuwa somo la kukariri majina ya mito na miji mikuu, jimbo la Lualaba linaonyesha kwamba ni somo la kujilinda.

Kolwezi iko wapi?

Swali hili lina majibu mawili. La kwanza ni la kulinganisha: Kolwezi iko kilomita karibu 300 kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, kwenye reli inayoelekea Dilolo hadi bandari ya Lobito, Angola. La pili ni la namba: karibu digrii 10 na dakika 43 kusini mwa ikweta, na digrii 25 na dakika 28 mashariki mwa mstari wa Greenwich.

Jibu la kwanza linaweza kubadilika. Hadi 2015 tulisema Kolwezi ni mji wa Katanga. Tangu mwaka huo jimbo lile liligawanywa mara nne, na Kolwezi ikawa mji mkuu wa Lualaba. Namba hazikusogea hata kidogo.

Jua na saa

Latitudo inatueleza habari za jua. Kwa kuwa Kolwezi iko kati ya ikweta na tropiki ya kusini, jua linapita juu kabisa ya kichwa mara mbili kwa mwaka: karibu tarehe 21 Oktoba na tarehe 21 Februari. Mwalimu anaweza kusimamisha fimbo wima uwanjani. Mwezi wa Oktoba, muda mfupi baada ya saa sita mchana, kivuli kinakaribia kutoweka. Februari, ni karibu saa sita na nusu. Kinachohitajika ni fimbo tu, na mawingu yaturuhusu.

Longitudo inatueleza habari za saa. Dunia inazunguka digrii 15 kwa saa moja. Kinshasa iko karibu digrii 10 magharibi yetu, kwa hiyo jua linafika juu yake dakika kama 40 baada ya kupita juu ya Kolwezi. Serikali imeamua tofauti iwe saa nzima: Kolwezi ikiwa saa sita, Kinshasa ni saa tano.

Maji yanakwenda wapi?

Kolwezi iko kwenye nyanda za juu, karibu mita 1.400 juu ya bahari. Mto Lualaba unaanzia kusini, karibu na mpaka wa Zambia, na kuelekea kaskazini. Unapita kwenye bwawa la Nzilo, lililojengwa miaka ya 1950 ili kutoa umeme, kisha Bukama, Kongolo na Kindu. Baada ya maporomoko ya Kisangani unaitwa Kongo, hadi bahari ya Atlantiki.

Lakini chini ya kilomita 200 kutoka Kolwezi, upande wa kusini-magharibi, ndani ya Zambia, kuna chanzo cha mto Zambezi, unaomwaga maji yake bahari ya Hindi, Msumbiji. Ardhi iliyoinuka kati ya mito hiyo miwili inaitwa mgawanyo wa maji. Mvua inayonyesha upande huu na ile ya upande wa pili hazitakutana.

Somo hili si dogo. Kinachomwagwa katika vijito vya Kolwezi kinafuata mteremko, na mteremko unaelekea kwa ndugu zetu wa kaskazini wanaovua na kunywa maji ya mto huohuo.

Vilima visivyo na miti

Mababu walijua kusoma ardhi kabla ya shule. Katikati ya msitu wa miombo, waliona vilima vyenye majani tu, bila miti, kwa sababu shaba nyingi udongoni inazuia miti mingi kuota. Kuna hata mmea unaoitwa ua la shaba, unaostahimili udongo huo. Kwa alama hizo walichimba, wakayeyusha shaba na kutengeneza misalaba iliyotumika kama pesa, miaka mingi kabla ya Union Minière kuundwa mwaka 1906.

Ramani na kare

Kila ramani ina skeli, yaani kipimo chake. Kwenye ramani ya 1 kwa 50.000, sentimita moja ni mita 500. Kwenye ile ya 1 kwa 1.000.000, sentimita moja ni kilomita 10: mji mzima unafunikwa na kidole gumba, na hakuna avenyu, kisima wala shule inayoonekana.

Hapo ndipo mistari ya darasani inarudi. Kanuni ya migodi ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inahesabu vibali kwa kare, kila moja ikiwa na hekta 84,955. Pande zake zinafuata latitudo na longitudo, kila upande sekunde 30, yaani nusu ya dakika moja ya digrii. Kwa miguu, ni karibu mita 920.

Kampuni inaomba kare. Ofisi ya Cadastre minier, CAMI, inaandikisha. Mkaaji anajua jina la avenyu na la jirani. Kibali kinajua digrii, dakika na sekunde.

Wakaaji wa Kasulo wanaelewa. Mwaka 2014 madini ya kobalti yaligunduliwa chini ya nyumba za mtaa huo, na watu wakaanza kuchimba ndani ya viwanja vyao. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilibomolewa na kuzungushiwa ukuta. Septemba 2023, Amnesty International na shirika la IBGDH walitoa ripoti kuhusu familia zilizoondolewa makwao kwa ajili ya migodi ndani ya Kolwezi na pembeni yake.

Sheria inataka anayehamishwa alipwe fidia. Lakini ni vigumu kudai haki ya kiwanja ambacho hujui kimekaa upande gani wa mstari.

Kwa hiyo, walimu, hili ni zoezi moja: simu nyingi za siku hizi zinaonyesha latitudo na longitudo. Tokeni nje na wanafunzi, andikeni namba za mlango wa shule, kisha kila mtoto aandike za kwao. Ramani ya vibali vya CAMI inapatikana kwenye intaneti. Tafuteni pamoja kare mnayosimama juu yake, na jina lililoandikwa pale.