Usimtishe mtoto na daktari wa meno, kisha umpeleke kwake

"Ukikataa kupiga mswaki, nitakupeleka kwa daktari akung'oe meno yote!" Kama umewahi kuishi kwenye ploti yoyote Nairobi, sentensi hiyo umeisikia kupitia ukutani zaidi ya mara moja. Kuna ile ya sindano pia: usipomaliza ugali, daktari atakudunga. Halafu siku jino linapoanza kumkeketa mtoto usiku wa manane, mzazi yule yule anamvalisha sweta na kumwambia, twende kwa daktari, ni mtu mzuri sana. Mtoto si mjinga. Anakumbuka.

Wasee wa rika langu, hii inatuhusu. Sisi ndio wazazi wapya, na kama bado hujapata mtoto basi wewe ni anko au anti anayetumwa. Dada yangu hufanya shifti, kwa hivyo mwaka jana mimi ndiye niliyempeleka mpwa wangu wa miaka mitano kwa kliniki moja mtaani, gego lake la chini limetoboka na shavu linauma. Mimi niliambiwa nisubiri nje. Ndani, watu wazima watatu walimshika. Jino lilitoka, sawa. Lakini kwa miezi kadhaa hakutaka mtu aguse mdomo wake, mswaki ukawa vita kila asubuhi, na gego la upande wa pili likaanza kutoboka. Hapo ndipo nilipoanza kuuliza: kwani hakuna njia nyingine?

Ziko, tena si moja. Ila kwanza tumalize hili la "si ni meno ya maziwa tu, yataanguka." Mtoto ana meno ya maziwa 20. Yale ya mbele huanza kuanguka akiwa na miaka sita hivi, lakini magego hukaa hadi miaka 10 au 12. Ukiling'oa gego akiwa na miaka mitano, kuna miaka mingi ya kutafuna iliyobaki, na meno ya jirani huanza kusogea kwenye ile nafasi, kwa hivyo jino la ukubwani likija linakosa mlango. Na kuna mtego mwingine: karibu na miaka sita, gego la kwanza la ukubwani huota nyuma kabisa bila jino lolote kuanguka. Wazazi wengi hudhani ni la maziwa. Likitoboka, hakuna lingine litakalokuja.

Sasa, matayarisho. Madaktari wa watoto hupendekeza ziara ya kwanza ifanyike kabla mtoto hajafikisha mwaka mmoja, au mara tu meno ya kwanza yanapotokeza. Najua, hapa kwetu hakuna anayefanya hivyo. Tunangoja maumivu. Lakini ebu fikiria: kama mara ya kwanza kukutana na daktari ni siku ambayo jino linawaka moto, atampendaje? Ziara ambayo daktari anahesabu meno tu na kumpa mtoto kioo ajitazame ndiyo inayojenga urafiki. Kwa mtoto chini ya miaka mitatu, hata kiti hakihitajiki. Mzazi na daktari hukaa wakitazamana, magoti yakigusana, mtoto anakaa kwa mzazi na kulaza kichwa kwenye mapaja ya daktari. Anakuona uso wako muda wote.

Nyumbani, cheza daktari. Mpwa wangu tulimlaza kwenye kochi, nikachukua tochi ya simu na kijiko, tukahesabu meno moja hadi mwisho. Kisha yeye akahesabu yangu, na akaniambia yananuka chai. Mambo ya kuepuka ni maneno. Usiseme "hutaumia", kwa sababu kitu pekee atakachosikia ni kuumia. Usitaje sindano wala kung'oa, hata kama wewe mwenyewe unaogopa. Sema tu daktari ataangalia na kuhesabu, mengine atayaeleza mwenyewe. Wale waliozoea watoto hufanya hivyo hivyo: humwambia mtoto, humwonyesha kifaa kwenye kidole, ndipo wakitumie mdomoni. Pia kubalianeni ishara, akiinua mkono daktari anasimama. Na daktari asimame kweli! Mtoto akigundua mkono wake haufanyi kazi, mchezo umeisha.

Nenda asubuhi, akiwa amelala vizuri na ameshiba. Na tafadhali usimwahidi peremende akitulia. Hiyo ni kumlipa mtu na kitu kilichomleta hapo.

Tukija kwenye matibabu, hapa ndipo wengi wetu tumeachwa nyuma. Tunajua mbili tu, kuziba na kung'oa. Kuna dawa ya maji yenye madini ya fedha na floridi ambayo hupakwa kwenye jino lililooza kwa brashi ndogo. Hakuna sindano, hakuna mashine, kupaka kwenyewe ni dakika chache. Inaua bakteria na kusimamisha uozo. Japani wameitumia kwa miongo mingi, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Kasoro yake ni rangi: sehemu iliyooza hugeuka nyeusi tititi na haitoki. Huwa inarudiwa, mara nyingi kila baada ya miezi sita, na haifai kwa jino ambalo tayari lina usaha au linamwamsha mtoto usiku, wala kwa mtu mwenye mzio wa madini ya fedha.

Mpwa wangu alipakwa dawa hiyo kliniki nyingine, nikiwa nimesimama kando yake. Alilalamika kuhusu ladha ya chuma, basi. Dada yangu naye alilalamika kuhusu picha za shule. Nikamwambia ni gego, nani ataliona?

Njia nyingine ina asili yake hapa jirani. Katikati ya miaka ya 1980 huko Tanzania, Jo Frencken na wenzake walianza kusafisha uozo kwa vifaa vya mkono tu, kisha kuziba shimo kwa aina ya saruji ya meno. Haihitaji umeme, na mara nyingi haihitaji ganzi. Wengi hudhani ni matibabu ya vijijini. Kwa mtoto anayeogopa mlio wa ile mashine, ndiyo matibabu ya kisasa zaidi unayoweza kumpa.

Kuna pia kofia ya chuma. Daktari mmoja wa Uskoti, Norna Hall, alikuwa akifunika magego ya watoto yaliyooza kwa kofia hiyo bila kuyatoboa wala kuyachonga. Uozo ukifungiwa ndani hukosa sukari, na hukwama hapo hapo. Meno huhisi kama hayakutani vizuri kwa siku kadhaa, kisha huzoea. Watoto wengine huringa nayo, ati wana jino la roboti.

Ikibidi sindano, omba jeli ya ganzi ipakwe kwenye ufizi kwanza. Kliniki kadhaa zina gesi ya kutuliza inayovutwa kwa pua. Mtoto haliliwi na usingizi, analegea tu, na nguvu zake huisha dakika chache baada ya kuzimwa.

Si kila kliniki ina haya yote, kwa hivyo piga simu kabla hujapanda matatu. Uliza kama daktari huona watoto, kama mzazi huruhusiwa kuingia, na kama wana dawa ya fedha ya kupaka. Wakijibu kwamba mzazi hukaa nje, tafuta kwingine. Ukibanwa na doo, hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi hutibu umma, wanafunzi wakifanya kazi chini ya wahadhiri wao.

Kule nyumbani, piga mswaki wewe mwenyewe hadi mtoto afikishe miaka saba hivi, mara mbili kwa siku, kwa dawa yenye floridi: punje ya mchele kabla ya miaka mitatu, kisha punje ya minji. Watu wa Nakuru huogopa floridi kwa sababu maji ya Bonde la Ufa yamewaacha na meno ya kahawia, na wana haki. Lakini hayo ni maji ya kunywa kwa miaka mingi, si punje ya dawa inayotemwa.

Na uso wa mtoto ukivimba, hasa akiwa na homa, usingoje kucheza daktari kwenye kochi. Nenda hospitali usiku huo huo.