Je, Wajua? Geko wa Kufuga na Mlo Wake

Je, wajua kwamba geko wengi hawawezi kufumba macho? Mjusi kafiri anayewinda chini ya taa ya baraza yako ni mmoja wao. Jicho lake limefunikwa na utando angavu usiofunguka, na vumbi likitua juu yake hulifuta kwa ulimi. Geko chui, yule wa manjano mwenye madoa meusi, ni tofauti: ana kope, hufumba macho anapolala, na pengine hukutazama kwa jicho lililofumba nusu utadhani umemkosea adabu.

Je, wajua kwamba huyo huyo hawezi kupanda kioo? Mwaka 2000 Kellar Autumn na wenzake walieleza katika jarida la Nature siri ya mguu wa geko tokay wa Asia: takriban vinyweleo 500,000 katika mguu mmoja, kila kimoja kikigawanyika nchani mara mamia. Hakuna gundi. Ni nguvu ndogo za mvutano kati ya molekuli, zikijumlishwa. Geko chui hakujaliwa hata kinyweleo kimoja cha aina hiyo. Ana kucha tu. Kwa mfugaji anayeanza hiyo ni heri, kwa kuwa mnyama hatatoroka kupitia ukutani. Ndiyo maana safu hii inamzungumzia yeye. Kifuniko cha tanki bado ni lazima, lakini hicho ni kwa ajili ya paka.

Wajua kwao ni wapi? Pakistani, Afghanistani na kaskazini-magharibi mwa India, kwenye nchi ya mawe, udongo mgumu na vichaka vikavu. Edward Blyth, msimamizi wa makumbusho mjini Calcutta, ndiye aliyempa jina la kisayansi mwaka 1854. Picha za matangazo humwonyesha juu ya mchanga mwekundu uliopepetwa vizuri, nazo zimewaponza wanyama wengi: mchanga humezwa pamoja na mdudu, ukakaza tumbo. Kwa kuanzia tandika karatasi za jikoni au vigae. Si maridadi, lakini choo kinaonekana, na choo ndicho ripoti ya afya ya geko.

Anaishi miaka mingapi? Akitunzwa vyema, 15 hadi 20. Anayemnunulia mtoto zawadi ya siku ya kuzaliwa ajue kwamba mtoto atamaliza shule na kuhama nyumbani, geko abaki kwa wazazi.

Je, wajua kwamba geko aliyepoa huweza kuozewa na chakula tumboni? Mwili wake hautengenezi joto, huliazima kwenye mawe na udongo. Bila joto la chini ya tumbo, mmeng'enyo husimama. Kwa hiyo tanki linahitaji pande mbili: mmoja wa nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, mwingine wa 24 hadi 26, na maficho kila upande. Yeye mwenyewe atajua ahamie wapi na saa ngapi. Mkeka wa joto ukiwashwa bila themostati humbabua tumbo, naye hatalia wala kukimbia. Kipimajoto cha kubandika kwenye kioo nacho hudanganya: hupima hewa, ilhali geko analala chini. Pima sakafu.

Dar es Salaam au Mombasa mwezi Januari, hewa ya chumbani yenyewe inakaribia kinachotakiwa, na hatari iko upande wa pili: tanki lililowekwa dirishani penye jua huua kwa muda mfupi. Nairobi au Arusha mwezi Julai ni habari nyingine. Umeme ukikatika usiku wa baridi, usimlishe hadi joto lirudi. Geko mzima mwenye mkia mnene hatakufa kwa kukosa mlo siku kadhaa. Mlo uliolala tumboni bila joto ndio wa kuogopa.

Wajua kwamba hata wanasayansi wa anga wa Urusi walijifunza hili kwa gharama? Julai 2014 satelaiti ya Foton-M4 ilipaa ikiwa na geko watano, majike wanne na dume mmoja, ili wanasayansi waone kama wangepandana pasipo uzito. Iliporudi duniani tarehe 1 Septemba, wote walikuwa wamekufa. Maelezo ya awali yalisema huenda waliganda baada ya mfumo wa joto kupata hitilafu. Roketi, satelaiti, kamera, halafu kikakwama kile kile kinachomkwamisha mfugaji wa mwezi wa kwanza.

Tuje mezani. Je, wajua kwamba geko chui hali mboga hata jani moja? Hali matunda, hali wali, hali nyama ya kusaga. Anakula wadudu, na anawataka hai, maana mwendo wa mdudu ndio unaomwamsha mwindaji. Orodha ya kawaida ni nyenje, mende wa Dubia wanaozalishwa makusudi kwa kazi hiyo, funza wa unga, na mabuu ya wale nzi wanaoitwa nzi chuma, ambao wafugaji wa kuku wa Kenya na Tanzania wanawajua vizuri. Kipimo ni rahisi: mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho mawili ya geko. Mtoto hula kila siku, mzima kila baada ya siku mbili au tatu. Mlishe jioni, wakati anapoanza kutoka mafichoni, umwachie wadudu kwa robo saa, kisha uwaondoe waliobaki. Nyenje aliyesahaulika ndani hana shukrani. Usiku kucha atamtafuna geko vidole na ncha ya mkia.

Wajua kwamba mdudu mwenye njaa hana faida? Kilichomo tumboni mwa nyenje ndicho kinachoingia tumboni mwa geko. Siku moja au mbili kabla ya kumtoa, mpe nyenje karoti, sukuma wiki, kiazi kitamu, pumba. Kwa kweli, anayefuga geko chui ni mfugaji wa nyenje mwenye mjusi mmoja pembeni. Asiyependa milio ya nyenje usiku ahamie kwa mende wa Dubia, ambao hawalii na hawapandi kioo. Tatizo ni kumweleza mama mwenye nyumba kwa nini unafuga mende.

Je, wajua kwamba kimulimuli mmoja anaweza kumuua mjusi? Wadudu hao wana sumu za kundi la lusibufajini, zinazofanana na sumu ya ngozi ya chura, na kuna mijusi wa kufugwa waliokufa baada ya kumeza mmoja tu. Panzi wa bustanini na mende wa jikoni nao wasiingie tankini. Huwezi kujua ni nani amepita kwenye dawa ya kuulia wadudu. Na senene, hao waachie watu wa Bukoba.

Funza wa nondo wa nta, yule anayewasumbua wafuga nyuki kwa kula masega, ni mtamu kupita kiasi. Ana mafuta mengi, na geko aliyemzoea husuasua mbele ya vyakula vingine vyote. Mpe kwa nadra.

Wajua kwamba geko hupata matege? Sehemu kubwa ya wadudu wana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Geko anayekula nyenje watupu wiki baada ya wiki huanza kulipa deni kwa mifupa yake: mwili unachota kalsiamu kwenye miguu, uti wa mgongo na taya. Miguu inapinda. Taya linalainika hadi hawezi kumshika mdudu, na mfugaji anadhani amekataa chakula. Ukiona hivyo ni kazi ya daktari wa mifugo, na mfupa uliokwisha kupinda haunyooki. Kinga ni ya bei ndogo: unga wa kalsiamu kabonati. Tia wadudu kwenye mfuko pamoja na unga kidogo, tikisa, walishe wakiwa weupe. Wengi huacha pia kifuniko cha chupa ya soda chenye unga huo ndani ya tanki, naye huenda kulamba akihitaji.

Hapo pana mtego ambao maduka ya pembejeo hayatakueleza. DCP, ile ya kuchanganya kwenye chakula cha mifugo, ni kalsiamu pamoja na fosforasi. Kwa ng'ombe sawa. Kwa geko unamwongezea kile alichokuwa nacho tele. Mabuu ya nzi chuma, kwa upande mwingine, yana kalsiamu nyingi yenyewe. Kalsiamu nayo haifanyi kazi bila vitamini D3, ambayo hupatikana kwa unga maalumu unaotolewa mara chache, kwa sababu ikizidi ni sumu, au kwa taa hafifu yenye miale ya urujuanimno. Kama ni lazima uchague kitu kimoja cha kutumia fedha zako vizuri, mimi ningeweka themostati ya kwanza na kalsiamu ya pili. Mapango ya plastiki yenye umbo la fuvu yasubiri.

Wajua ana meno mangapi? Karibu 100, na hubadilishwa kila baada ya miezi mitatu au minne, maisha yake yote.

Mkia je? Hiyo ni ghala ya mafuta. Unene wake ukikaribia wa shingo, mambo ni mazuri. Ukikonda kama penseli, tafuta sababu haraka. Usimshike mkia kamwe, kwani ataukata mwenyewe na kukuachia mkononi. Timothy Higham na Anthony Russell walichunguza mwaka 2009 mikia ya geko chui iliyokatika, wakaona inaruka na kujipindua kwa muda ambao unaweza kufika nusu saa, huku adui akishangaa na mwenye mkia akitokomea. Mkia mpya huota, mfupi na mnene, na ndani yake hamna pingili za mifupa, bali gegedu tu.

Je, wajua kwamba geko hula ngozi yake? Anapojichuna hupauka kama aliyepakwa chokaa, kisha huivua na kuimeza yote. Kinachobaki vidoleni ndicho cha kuangalia: hukaza, huzuia damu, kidole kikafa. Kopo la plastiki lenye tundu la kuingilia na karatasi iliyoloweshwa ndani, likiwekwa upande wa joto, linatosha kuzuia hilo.

Wajua jinsia yake hupangwa na joto? Mayai, mawili kwa kawaida na yenye ganda laini, yakikaa kwenye nyuzi 26 hutoa majike karibu yote. Kwenye 32 na nusu hivi hutoka madume zaidi. Ongeza hadi 34, majike yanarudi kuwa mengi. Madume wawili usiwaweke pamoja kwa hali yoyote. Watapigana hadi mmoja aumie.

Wajua kwamba rangi nzuri inaweza kuwa ugonjwa? Aina iitwayo Lemon Frost, nyeupe na manjano kali, iliuzwa kwa bei ya juu sana ilipotokea. Baadaye ikaonekana zaidi ya asilimia 80 ya wenye rangi hiyo hupata uvimbe wa saratani kwenye seli za ngozi. Utafiti uliotoka mwaka 2021 katika PLOS Genetics uliihusisha na jeni ya SPINT1. Aina ya Enigma nayo huzaliwa na hitilafu ya neva: huzunguka, huinamisha kichwa, hukosa shabaha anapomrukia mdudu. Anayeanza achukue yule wa kawaida mwenye madoa.

Je, wajua kwamba taa nyekundu ya usiku huenda inamkera? Lina Roth na Almut Kelber walionyesha mwaka 2004 kwamba geko mmoja wa kaskazini-magharibi mwa Afrika huona rangi kwenye mwanga hafifu mno, jicho lake likiwa na wepesi mara 350 kuliko la binadamu katika kutambua rangi. Usiku uwe giza.

Na wa kwetu? Hapa ndipo inapouma. Chini ya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, pana msitu wa Kimboza wenye eneo la takriban kilomita za mraba 4. Humo huishi geko mdogo wa buluu, Lygodactylus williamsi, ambaye hukaa kwenye majani ya mikadi. Dume ni buluu ya kung'aa, jike ni wa kijani. Wapenzi wa wanyama wa Ulaya na Marekani walimtaka sana. Watafiti walikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, kikundi kimoja tu cha wakamataji kilitoa geko 32,310 hadi 42,610. Baadhi ya wakamataji walikata mikadi ili kuwafikia, yaani walichukua mnyama na nyumba yake kwa pamoja. Sasa yuko hatarini kabisa kutoweka, na tangu mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya wale wa porini imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES. Popote ulipo, Hamburg au Toronto, dai ushahidi kwamba geko unayemnunua alizaliwa kwa mfugaji. Kenya na Tanzania, kumkamata mnyamapori na kumfuga bila kibali ni kosa, awe mdogo kiasi gani.

Anayechukia wadudu ana njia nyingine: geko wa kilemba wa Kaledonia Mpya, aliyedhaniwa ametoweka hadi alipoonekana tena mwaka 1994, hulishwa kwa sehemu kubwa unga maalumu wa matunda uliokorogwa kwa maji. Ila huyo akikata mkia, haumwoti tena, na kioo anapanda.

Mwisho, mikono. Geko mwenye afya kamili anaweza kubeba salmonela bila dalili yoyote. Nawa kwa sabuni kila unapomshika, watoto wasimbusu, na bakuli lake la maji lisioshwe kwenye sinki moja na sahani zenu.