Usiisome Peke Yako Barua ya Mhariri

Julai 1910, jarida la American Historical Review lilichapisha makala ya mwanahistoria mweusi W.E.B. Du Bois kuhusu miaka iliyofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani. Wanahistoria weupe wengi wakati huo walishikilia kwamba kuwapa watu weusi haki ya kupiga kura kulizaa ufisadi na fujo katika majimbo ya kusini. Du Bois akaonyesha kwa ushahidi kwamba serikali za kipindi hicho ndizo zilizopanua demokrasia, zikaanzisha shule za umma za bure na kutunga sheria mpya za kijamii. Makala ikatoka, lakini fani ikaendelea na simulizi yake kana kwamba hakuna aliyeisoma. Mwaka 1935 alipoikuza hoja hiyo ikawa kitabu kikubwa, Black Reconstruction in America, jarida lilelile halikukifanyia uhakiki.

Mwanahistoria mwingine mweusi, Carter G. Woodson, aliyepata shahada ya uzamivu Harvard mwaka 1912, aliamua kujenga mahali pake mwenyewe. Januari 1916 alianzisha Journal of Negro History. Vijana kama Charles Wesley, Alrutheus Taylor na Lorenzo Greene walichapisha humo. Taylor na Greene walifanya pia utafiti chini yake. Wengi humsifu Woodson kwa jarida lile. Mimi namsifu zaidi kwa kuwapa vijana wale mtu wa kuisoma kazi yao kabla haijafika mikononi mwa wasioitakia mema.

Hitaji hilo halijaisha. Ripoti ya Royal Historical Society ya Uingereza, iliyotolewa Oktoba 2018, ilionyesha kwamba asilimia 93.7 ya wahadhiri wa historia katika vyuo vikuu vya nchi hiyo walikuwa weupe, na weusi asilimia 0.5 tu. Kijana mweusi au mwenye asili ya Asia anaweza basi kumaliza uzamivu bila kukutana hata na mhadhiri mmoja aliyepita njia anayotaka kupita. Na kwa kuwa ajira hutazama sana makala zilizochapishwa, kuchelewa kuchapisha ni kuchelewa kupata kazi.

Mswada ukifika kwenye jarida, mhariri huamua kwanza kama unafaa kuendelea. Ukivuka hapo, hupelekwa kwa wataalamu wawili au zaidi, kwa kawaida bila jina la mwandishi. Jina huondolewa, mada haiondoki.

Tuseme kijana ameandika kuhusu mgomo wa kiwanda cha Grunwick, kaskazini-magharibi mwa London, ulioanza Agosti 1976. Wagomaji wengi walikuwa wanawake wenye asili ya Asia, wengi wao wakiwa wametoka Afrika Mashariki. Kiongozi wao, Jayaben Desai, aliwahi kuishi Tanzania. Kijana amehoji familia, amepekua nyaraka za vyama vya wafanyakazi. Barua inarudi na uamuzi wa kurekebisha na kuwasilisha upya. Msomaji wa kwanza anataka tanbihi zaidi na tarehe mbili zisahihishwe. Wa pili anauliza kama kisa hiki si kidogo mno, na kama mahojiano ya familia yanaaminika.

Aliye peke yake huisoma barua hiyo kama kukataliwa, akaufungia mswada kwenye droo. Mlezi mzuri huketi naye, wakaichambua sentensi kwa sentensi. Kurekebisha na kuwasilisha upya ni mlango ulio wazi. Tarehe hurekebishwa siku hiyohiyo. Suala la mahojiano hujibiwa kwa aya moja inayoeleza yalivyofanywa na yalivyolinganishwa na nyaraka. Na kuhusu udogo wa kisa, kijana afundishwe kutofautisha maswali mawili yanayofanana. Kama hakueleza mgomo ule unabadilisha nini katika historia ya wafanyakazi wa Uingereza, msomaji huyo ana haki, na utangulizi uandikwe upya. Kama ameeleza, na bado anaambiwa historia ya wanawake hawa ni ya pembeni, anaruhusiwa kumwandikia mhariri kwa adabu na kwa hoja kwamba hapo hatabadilisha. Vijana wengi hawajui kabisa kwamba ruhusa hiyo ipo. Msimamizi mwenye mazoea ya majarida haya huiona ya kawaida mno hata asikumbuke kuitaja.

Malezi ya namna hii hayatoshelezwi na semina ya saa mbili yenye chai na picha ya pamoja. Yanataka mtu mmoja, mswada mmoja, kalamu mkononi. Sura ya tasnifu hupunguzwa hadi ibaki hoja moja, na jarida huchaguliwa kwa kusoma matoleo yake ya karibuni, si kwa ukubwa wa jina lake.

Nani basi afanye kazi hii? Vyuo vingi huwatwisha maprofesa wachache weusi waliopo, ambao tayari wanaitwa kwenye kila kamati. Hilo ni kosa, nalo linawachosha watu wale wale tunaowahitaji. Kusoma barua ya mhariri hakuhitaji rangi fulani ya ngozi. Kunahitaji uzoefu, na uzoefu mwingi umo kwa wahadhiri weupe. Nao wabebe mzigo huu, saa zake zihesabiwe katika majukumu yao ya kazi kama zinavyohesabiwa za kufundisha. Na usiishie siku mswada unapotumwa. Majibu huweza kuchukua miezi, mara nyingi mkataba mfupi wa kijana ukiwa umekwisha, barua pepe ya chuo imefungwa na kadi ya maktaba haifanyi kazi tena. Hapo ndipo anapomhitaji zaidi mtu wa kupokea simu yake.